Sahani ya Kyungu

Watu wa mtaa wa Kasungami walikuwa na mzaha wao juu ya Mama Agnès, na mzaha wenyewe haukuwa na adabu: mwalimu wa chakula, mwenyewe mifupa. Na kweli, jamani, ungemwona amesimama katikati ya bustani ya parokia na kitambaa chake kichwani, ungedhani yeye ndiye aliyeletwa kupimwa. Shingo nyembamba, mikono myembamba, kitenge kimezungushwa kiunoni na bado kinateleza. Yeye alicheka pamoja nao. Mtu akiwa na miaka hamsini na kitu, na watu wanamtania tangu shule ya msingi, anajifunza kucheka wa kwanza.

Si kwamba hakula. Alikula bukari, ugali wa huku, sahani nzima, sombe ya majani ya muhogo juu yake, na samaki siku ambazo samaki wapo. Akimaliza alibaki anaitazama sahani, na tumbo limenyamaza kana kwamba hakuna aliyeliambia kwamba chakula kimepita. Madaktari walimpima sukari, wakampima minyoo, wakampima na mambo mengine ambayo hakuyaelewa, mwisho wakamwambia ndivyo alivyoumbwa. Kushiba, ile hali ya mtu kusukuma sahani na kusema basi, Mama Agnès aliijua kwa kuwatazama wengine. Labda ndiyo sababu aliingia katika kazi ile kwa moyo wote.

Kazi yenyewe ilikuwa huduma ya kanisa, akina mama waliipa jina Kila Mtoto na Sahani Yake. Nyuma ya kanisa parokia ilikuwa na kiwanja kilichojaa mawe na majani makavu. Wanawake walikisafisha kwa mikono yao, wakakipasua kichuguu kikubwa kilichokuwa pembeni na kumwaga udongo wake mwekundu kwenye matuta, maana huku kila mlimaji anajua udongo wa kichuguu unavyobeba mboga. Wakapanda lengalenga, yaani mchicha, matembele, karanga, soya na mahindi. Kila mtoto aliyekonda katika mtaa alipewa tuta lake pale, mama yake akalilima. Kila Jumamosi asubuhi watoto walipimwa, kisha uji wa mahindi, soya na karanga ukapikwa katika sufuria moja kubwa, na kila mtoto akala katika sahani yake mwenyewe.

Sahani yake mwenyewe, hapo ndipo Mama Agnès alipokuwa mkali. Alijua nyumba za mtaa ule. Baba anajaziwa kwanza, wageni wanafuata, wakubwa wanapiga matonge ya haraka, na yule mdogo kuliko wote anabaki kukwangua sufuria. Haki ya chakula, alipenda kuwaambia akina mama, musiingojee kutoka serikalini, iko hapo kwenye mwiko wenu. Na hakuna mtoto aliyepewa uji bila kupimwa kwanza, hata kama mama yake alikuwa rafiki wa padri. Kwa sheria hizo mbili alikuwa ameokoa watoto wengi, na alizishika kama mtu anavyoshika ufunguo wa nyumba.

Bijou alifika mvua zilipoanza. Alikuwa mwanamke kijana, mpole kupita kiasi, wa wale wanaokujibu huku wanatazama chini. Mume wake, Godefroid, alikuwa anafanya biashara ndogo ya mahindi upande wa Kasomeno na alionekana nyumbani mara chache. Mgongoni Bijou alibeba msichana mdogo wa kama miaka miwili, macho makubwa, nywele zimegeuka rangi ya vumbi. Mama Agnès aliuliza jina la mtoto. Léa, akasema Bijou, Léa Kabange.

Na hapo ndipo kosa lilipoingia. Sisi wenye asili ya kaskazini, Baluba, tukipata mapasa, yaani watoto wawili wa tumbo moja, wa kwanza anaitwa Kyungu na wa pili anaitwa Kabange. Hakuna kuchagua. Mtu akisikia Kabange, haraka anauliza Kyungu yuko wapi. Lakini majina hayo pia yanarithiwa, mjukuu anapewa jina la babu yake aliyekuwa pacha, na maisha yanaendelea. Mama Agnès mwenyewe aliitwa Agnès Kyungu. Maisha yake yote watu walimuuliza pacha wake yuko wapi, na maisha yake yote alijibu kama alivyofundishwa na mama mkubwa wake Albertine, aliyemlea kule Mitwaba: ni jina la babu. Basi aliposikia Kabange hakuuliza kitu. Mwanamke mwingine yeyote pale angeuliza.

Jumamosi ya kwanza Bijou aliomba sahani mbili. Mama Agnès akamuuliza ya pili ni ya nani, kwa kuwa alimwona na mtoto mmoja. Bijou akatazama chini. Mama Agnès akafikiri ana mwingine nyumbani, akamwambia amlete apimwe. Bijou akasema ndiyo mama, akachukua sahani moja, akaenda kukaa peke yake karibu na kichuguu. Huko alimimina nusu ya uji katika kifuniko cha plastiki, akakiweka chini upande wake wa kushoto. Léa akala ya kwake. Kifuniko kile kilirudi safi, kimekauka, wala hakuna aliyemwona Bijou akikilamba.

Kwenye bustani pia alikuwa na tabia yake. Tuta la Léa lilikuwa la mwisho kabisa, na kando yake kulikuwa na kipande kitupu ambacho bado hakijapewa mtu. Bijou alilima vyote viwili. Akapanda lengalenga pale na lengalenga hapa, akanyeshea pale, akanyeshea hapa, na mboga zikakua pamoja kwa urefu mmoja. Akina mama wakaanza kunong'ona kwamba huyu mpole ni mpole wa macho tu, mikono yake inajua kujipendelea.

Siku moja Mama Agnès alipita nyuma ya kichuguu akitafuta ndoo, akasikia mtu anamwita. Kyungu, kula mwanangu. Aligeuka kabla hajafikiri, maana tangu alipoondoka Mitwaba hakuna aliyemwita kwa jina hilo peke yake, tena kwa sauti ya mama. Hakuwa yeye aliyeitwa. Bijou alikuwa amefungua kitenge kifuani, na ndani yake kulikuwa na kisanamu cha mti, kidogo kama gunzi moja la mahindi, kimevikwa gauni lililoshonwa kwa kitambaa kile kile cha gauni la Léa. Alikuwa anakipakaza uji mdomoni kwa kidole.

Huyo Mama Agnès sasa akakasirika, na tusimlaumu sana. Wakati wa Kwaresima Padri Anaclet alikuwa amehubiri wazi juu ya vitu vya namna hiyo. Halafu kulikuwa na watoto waliopangwa kwenye mstari, watoto wenye meno na vilio, na uji ulikuwa haurudi mara ya pili. Hakupiga kelele. Alichuchumaa mbele ya Bijou akasema taratibu, "Mama Léa, uji hii ni ya batoto bazima. Ile acha ku nyumba." Bijou akakifunika kisanamu, akasema ndiyo mama. Siku hiyo hiyo, kwa ajili ya haki, Mama Agnès akachukua kile kipande cha kando na kumpa Claudine, mwanamke mwenye watoto wanne na tuta moja. Claudine akang'oa lengalenga zote akapanda soya.

Kuanzia hapo Léa alikula sahani nzima peke yake. Alikula mpaka akakwangua, akalamba mkono, kisha akalia anataka tena. Na Jumamosi iliyofuata mizani ikasema amepungua. Mizani ile ilikuwa ya kuning'iniza, imefungwa kwenye mti wa paa la kibanda. Mtoto anavikwa kaputula ya kupimia, ananing'inizwa, mshale unashuka kadiri alivyo mzito. Mshale wa Léa ulishuka kidogo kuliko mwanzo, na Jumamosi nyingine kidogo kuliko hapo, na utepe wa kupimia mkono ukatoka njano ukaingia nyekundu.

Mama Agnès akadhani nyumbani wanamnyima. Akamweka mtoto aje ale kila siku mbele ya macho yake, akimlisha kwa mkono wake mwenyewe. Léa alimeza kila kijiko. Akakonda. Wakampeleka hospitali, wakalala huko, wakapewa maziwa ya dawa, wakapima damu na kifua na choo. Hawakuona ugonjwa. Walirudi na mtoto mwepesi kuliko alivyokwenda, na Mama Agnès aliyekuwa amezoea kuona watoto wakipona akaanza kuogopa Jumamosi.

Kisha kulikuwa na mambo ya Claudine. Soya yake iliota vizuri, majani mawili mawili, na kila ilipoota ikakatwa nchani. Haikutafunwa kama mbuzi anavyotafuna, wala haikutobolewa kama wadudu wanavyotoboa. Ilinyofolewa, mche kwa mche, kwa urefu ambao mkono wa mtoto aliyeketi chini unaufikia. Tuta la jirani halikuguswa. Claudine alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini siku aliyokuja kurudisha kile kipande alisema machache. Alisema hakitaki tu. Alipobanwa akasema kwamba akiinama pale kupalilia, kuna mtu anamshika pindo la kitenge.

Basi Mama Agnès akaenda nyumbani kwa Bijou mchana kweupe. Alipouliza njia, jirani mmoja akamuuliza kama anamtafuta Mama Mapasa. Mama Agnès akasema hapana, namtafuta Mama Léa. Jirani akamtazama kama mtu anayemtazama mgeni, akasema ni huyo huyo.

Mama Agnès akalirudia neno lile, Mama Mapasa, akaenda mpaka kwenye nyumba ya Bijou. Halafu akaingia uani, akaketi kwenye kiti alicholetewa, na kwa mara ya kwanza akauliza lile swali ambalo alipaswa kuliuliza tangu mwanzo: Kyungu yuko wapi.

Bijou alisema Kyungu amekwenda kutafuta kuni. Ndivyo wanavyosema. Pacha hasemwi kwamba amekufa, neno hilo likitajwa mwenzake naye analisikia na kumfuata. Surua iliingia mtaani kabla ya mvua, ikawashika wote wawili, na Kyungu akaenda kutafuta kuni. Bibi wa watoto akatuma kisanamu kutoka kaskazini, kimechongwa kwa mkono wa mtu anayejua, na akaagiza: kila utakachompa mmoja mpe na mwenzake. Nguo kwa nguo, mafuta kwa mafuta, kijiko kwa kijiko. Hawa hawajui kutangulia wala kubaki nyuma. Bijou alikuwa amefanya hivyo, na Léa alikuwa ameanza kupona surua, na ndipo akaja kwenye huduma ambako aliambiwa kila mtoto ana sahani yake. Alifurahi siku ile, akafikiri amefika mahali wanapoelewa.

Mama Agnès akamuuliza kwa nini hakusema. Bijou akasema aliogopa ataondolewa, kwa sababu ya mahubiri. Akasuguasugua mikono yake, na kwa mara ya kwanza akainua macho.

"Mama, mulikatala sahani yake," akasema. "Sasa anakula mu sahani ya mwenzake."

Léa alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango. Alikuwa na kipande cha muhogo mkononi, na mkono wa pili aliunyoosha pembeni, kiganja kimefunguliwa nusu, kama watoto wanavyofanya wakishikana mikono. Vidole vyake vilikuwa vimebanwa. Mama Agnès aliona ngozi ilivyobonyea kati ya kidole na kidole, akageuza uso haraka.

Alikwenda moja kwa moja kwa Padri Anaclet na kumweleza yote. Padri alikuwa mtu wa Kasenga, si mjinga wa mambo ya nchi. Alisema kubariki kitu kile hawezi. Alisema pia kwamba akimzika mtoto yule kwa sababu ya upawa mmoja wa uji, hajui atakwenda kumwambia nini Mungu. Kisha akakumbuka kwamba Jumamosi ana safari. Hakuna aliyewahi kujua ilikuwa safari ya wapi.

Usiku huo wote Mama Agnès alijiuliza anafanya nini. Alikuwa katekista wa miaka mingi, alikuwa amewafundisha watoto wa watu kwamba mti ni mti. Lakini Jumamosi ilifika, na Léa akaletwa amelegea begani, shingo haishiki kichwa, na akina mama wengine wakawavuta watoto wao pembeni bila kusema. Alipopimwa, mshale ulishuka kidogo tu ukakwama. Kila mtu pale alijua kwamba hiyo ndiyo Jumamosi ya mwisho ya mtoto yule kama hakitabadilika kitu.

Mama Agnès akatangaza kwamba kuna mtoto mwingine wa kupimwa, pacha wa huyu. Na sasa ona jinsi mtu alivyo: amekubali jambo ambalo hakuna mzungu wala mweusi atakayemwelewa, lakini sheria yake hawezi kuivunja. "Huku hakuna mutoto anapata uji bila kupimwa," akamwambia Bijou. "Umupandishe."

Alifikiri Bijou atatia kisanamu ndani ya kaputula. Bijou alikilaza kisanamu kwenye mkeka kando ya Léa, akakiacha hapo. Halafu akainama kushoto kwake, mahali pasipo na mtu, akaweka mikono kama anayeshika mtoto chini ya makwapa, akainuka polepole. Alikuwa anainua kitu. Mishipa ya mikono yake ilitoka. Akapitisha mguu mmoja ndani ya kaputula ile tupu, akapitisha mwingine, akasawazisha, akaachia.

Kamba ikakaza. Kaputula ikajaa umbo, magoti mawili yakajichora kwenye kitambaa, na mshale ukashuka ukasimama pale pale uliposimama wa Léa. Hapakuwa na upepo. Laurent, mzee wa kanisa aliyeitengeneza mizani ile, akaja akagusa kulabu, akaangalia juu, akaangalia chini, akarudi nyuma hatua kadhaa na kuvua kofia. Kaputula ilikuwa inabembea kidogo, kama mtoto asiyetulia anavyobembea. Claudine akaanza Salamu Maria, wengine wakamfuata, na sauti zao hazikuwa na nguvu.

Mama Agnès alishika upawa. Akachota. Sahani ya Léa, kisha sahani ya Kyungu, akazipima kwa jicho zikawa sawa, akaziweka kwenye mkeka mbele ya Bijou na kugeuka kuwahudumia wengine. Hakutazama nyuma. Alisikia tu vijiko viwili vikigonga bati, na Bijou hakuwa na kijiko mkononi.

Léa alianza kupona. Jumamosi baada ya Jumamosi mshale ulishuka, na kila uliposhuka kwa mmoja ukashuka kwa mwingine, alama ile ile, hata unywele haupiti. Kile kipande cha kando kililimwa tena, lengalenga zikakua mbili mbili kwa urefu mmoja. Watu huzoea kila kitu. Mwisho hata watoto walikuwa wanapanga mstari wakiacha nafasi nyuma ya Léa, na anayesukuma pale alikemewa kwamba asimkanyage mwenzake. Mama Agnès peke yake hakuzoea. Kila alipopita karibu na mkeka ule alihisi njaa yake mwenyewe ikiamka, ile ya siku zote, lakini sasa kwa nguvu, kama mtu aliyekuwa amelala akasikia sahani zinaitwa.

Huduma ilikuwa na desturi yake kwa mtoto aliyepona. Siku ya kuaga, ambayo hufanywa jioni, mtoto mwenyewe anabeba sahani ya uji na kumpelekea yule aliyekuja mwisho, ambaye bado ana njaa. Ndivyo sahani inavyopita kutoka mkono kwa mkono. Siku ya Léa mvua zilikuwa zinaisha, jua la jioni limelala kwenye majani, na Bijou alikuwa amewashonea magauni mapya, moja kubwa na moja la kisanamu. Mgeni wa siku hiyo alikuwa mtoto mdogo wa mwanamke mmoja aliyehamia karibuni. Mama Agnès alimpa Léa sahani mikononi, akamwonyesha mtoto yule, akaenda kuketi kwenye benchi lake.

Léa alitembea vizuri, miguu imejaa, sahani ameikumbatia. Akampita yule mtoto mdogo. Akina mama wakacheka, wakamwelekeza, na yeye akaendelea tu mpaka kwenye benchi la Mama Agnès. Hakumpa. Aliiweka sahani kwenye ubao, upande wa kushoto wa Mama Agnès, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Mama Agnès akatabasamu, akamwambia asante mwanangu, mimi nimekwisha kula. Léa akatikisa kichwa kwa hasira ya mtu ambaye hasikilizwi. Hakuwa anamtazama Mama Agnès. Alikuwa anatazama pale pembeni, juu kidogo, kwenye urefu wa uso wa mwanamke aliyeketi.

"Hapana we," akasema. "Huyu. Hayakula bado."

Kicheko kikakatika. Bijou aliweka mkono mdomoni. Alikuja mbio kumchukua mtoto wake, akampakata, kisha akasimama pale, na yule mpole asiyejua kuuliza akauliza kwa sauti ndogo. "Mama Agnès, ile jina Kyungu, walikupatia juu ya nani?"

La babu, alitaka kusema.  Alikumbuka kitanda chake cha utotoni, kipana kuliko cha watoto wengine, na jinsi alivyolala kila usiku kwenye ukingo wake wa kulia bila kuambiwa na mtu. Alichukua simu yake hapo hapo, mbele ya wote, akampigia mama mkubwa Albertine. Bibi kizee alikuwa mzima bado kule Mitwaba, masikio mazuri, akili nzuri, akaanza kuuliza habari za mvua. Mama Agnès akamkatiza. Akamuuliza Kabange wake yuko wapi.

Albertine akaacha habari za mvua.

"Nani alikuambia?" Albertine akauliza.

Mengine yalitoka kwa vipande. Kwamba mama yake alikufa kwa kuwazaa. Kwamba wa pili aliishi siku chache, msichana, akaenda. Kwamba katekista wa wakati ule aliwakataza kuchonga kisanamu, akasema watakosa sakramenti, na baba yake, mfanyakazi wa reli aliyekuwa anaogopa kila mwenye mamlaka, akatii. Wakakubaliana kusema ni jina la babu. Wakafikiri akikua bila kujua, na yule mwingine hatajua. Albertine akalia, akasema walimpa Agnès chakula kizuri siku zote, hakunyimwa kitu, waulize majirani. Mama Agnès alisema anajua. Akamwambia alale salama, akakata.

Hamsini na kitu, miaka yote hiyo. Aliwaza kila sahani aliyowahi kula, na nani alikuwa anakula nayo. Aliwaza jinsi alivyosimama mbele ya wanawake wa watu na kuwaambia hakuna mtoto anayebaki bila sahani. Akataka kuomba upawa wa uji, lakini sufuria ilikuwa imekwisha kuoshwa, imeinamishwa juani. Basi akaishika ile sahani ya Léa kwa mikono miwili na kuisogeza zaidi upande wa kushoto. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Nyumbani kwake aliwasha jiko kukiwa bado na mwanga. Alisonga bukari, akachemsha lengalenga alizopewa na Bijou, nusu kutoka tuta hili na nusu kutoka lile. Alikuwa na sahani moja tu nzuri, kwa sababu aliishi peke yake. Nyingine alikwenda kuiazima kwa jirani. Akagawa tonge kwa tonge, akaziweka mezani, akasogeza kiti cha pili. Aliogopa kukitazama kile kiti, basi akatazama mikono yake.

"Kabange," akasema, "kula, ndugu yangu. Unisamehe."

Kiti kililia, kama kiti kinavyolia mtu mzima akikikalia. Mama Agnès aliinamisha kichwa akaanza kula. Alikula taratibu, na upande wa pili wa meza alisikia mtu akila kwa pupa, kwa pupa ya kutisha, bila kupumua. Alipofika kama nusu ya sahani yake mkono ukasimama wenyewe. Alijaribu kupeleka tonge jingine mdomoni na mwili ukakataa. Alikaa hivyo akishangaa, tonge mkononi, mpaka akaelewa kwamba ameshiba.